Nimechezea Filta ya Ofisini, Sasa Mjomba Wangu Anaitwa Mwizi

Mpendwa Bi Mwajabu,

Naomba msaada wako, na ikiwezekana unijibu kwenye toleo la Ijumaa hii, maana ukichelewa mpaka wiki ijayo ushauri wako nitausoma nikiwa nimekaa kwa mama sina kazi, na jina langu usilitaje, andika tu "Binti wa Kibiti", ingawa utaona huko mbele kwamba hata hilo lina walakini.

Mimi nimesomea takwimu chuoni na nimeajiriwa na kampuni moja hapa Kibiti inayonunua mazao, korosho na ufuta kutoka Bungu na vijiji vya barabarani, mpunga na kamba wabichi kutoka Salale kule deltani, na kazi yangu ni kutengeneza dashibodi, yaani ule ukurasa wa kwenye kompyuta wenye nguzo za rangi na namba kubwakubwa ambao meneja akiutazama hujiona rubani wa ndege. Mwanzoni ilikuwa dashibodi ya kimya, kila kitu kimerundikwa pamoja, ufuta umekaa juu ya kamba na Januari imelaliana na Juni, na meneja wetu, Bwana Abdulswamadu, akawa ananiuliza mbele ya watu, "Binti, hii dashibodi au kanga ya sikukuu?", wenzangu wanacheka, mimi naumia, nikaenda kujifunza kwenye video za mtandaoni nikarudi na filta.

Filta, Bi Mwajabu, ni vitufe na orodha za kubonyeza pembeni mwa ukurasa, unachagua mahali, unachagua zao, unachagua muda, na namba zote zinajipanga upya kufuata ulichochagua, na meneja alipobonyeza "Bungu" kwa mara ya kwanza nguzo zikaruka, akabonyeza "Salale" zikaruka tena, akacheka mpaka akavua miwani, na siku ile hakuna aliyefanya kazi, tuliitwa mmojammoja tukaoneshwa, hata mlinzi wa getini aliitwa achague mwezi anaoupenda. Tangu siku hiyo naitwa "mtaalamu wetu", mshahara ni uleule.

Sasa tatizo likaanzia kwenye filta ya muda. Niliiweka ijifungue yenyewe kwenye "siku saba zilizopita" kwa sababu ndivyo alivyofanya yule kijana wa kwenye video, na kikao chetu huwa kila baada ya wiki mbili, Jumatatu asubuhi, meneja anafungua dashibodi ukutani kwa projekta na kucheza na filta ya mahali tu, ile ya muda haigusi, angebonyeza "msimu mzima" hata mara moja angeona mambo mengine kabisa. Akibonyeza Bungu, nguzo ya kijani mpaka juu, maana Bungu gari letu linapita kila siku na mzigo unaingia kila siku, akibonyeza Salale, kamba sifuri. Kikao kilichofuata, Bungu kijani, Salale sifuri. Meneja akaegemea kiti akasema, "Hawa watu wa kwenye matope wamelala, wanakula barafu yetu tu," akaamua papo hapo kwamba boti ya barafu inayokwenda Salale iuzwe na badala yake linunuliwe guta la kubebea mizigo ya Bungu, na wote wakaitikia kwa vichwa, na mimi nikaitikia.

Na hapa ndipo penye aibu yangu, Bi Mwajabu, kwa sababu mimi nilijua. Salale kamba huvuliwa wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanajaa kweli na kutoka kweli, na wiki inayofuata ni maji mafu, maji yamelegea, boti haipenyi kwenye vijito, watu wako kwenye mpunga au wanashona nyavu, na kile kikao chetu kimeangukia maji mafu yanapokaribia kuisha, na kwa kuwa vyote viwili hurudi baada ya wiki mbili hivi, kila kikao kinakuta maji mafu palepale. Kamba wa bamvua huja na kupakiwa lori la Dar siku hiyohiyo, meneja haoni hata sharubu za kamba. Haya yote nayajua tangu sijaota meno ya mbele, kwa sababu mimi nimezaliwa Salale, nimekulia Salale, na mama yangu ananunua kamba kwa wavuvi na kuwaweka kwenye hiyo boti, bila barafu ile kamba wake wanaharibika kabla hajapata hata wa kumpokea.

Ofisini hawajui. Siku ya kwanza ya kazi meneja alikuwa anasimulia mzaha juu ya watu wa deltani wanaovaa viatu siku ya Idi tu, akanigeukia, "Na wewe mwenzetu watoka wapi?", nikajibu, "Hapahapa Kibiti," na tangu hapo nimekuwa wa hapahapa Kibiti, nimejipaka manukato ya kutosha hata mimi mwenyewe yananiumiza kichwa.

Mama akanipigia simu. "Mwanangu, twaambiwa boti yauzwa. Wewe si umo humohumo ofisini, hebu watizamie, wasije wakakosea hesabu." Nikamwambia, "Sawa mama, nitatizama."

Nikatizama, Bi Mwajabu, badala ya kusema nikaichezea filta. Nikaipanga kwa siri kwamba mtu akichagua Salale na siku saba zilizopita, imletee namba za bamvua iliyotangulia, na kikao kilichofuata meneja akabonyeza, nguzo ya Salale ikapanda mpaka ikagusa maandishi ya juu, akatabasamu, nami moyoni nikasema Alhamdulillahi, boti imepona. Kumbe. Akamwita Subira wa stoo, akamuuliza, "Kamba wote hawa wa wiki hii umewaweka wapi?" Subira akasema wiki hii hajapokea kamba hata mmoja, kwenye chumba cha baridi mna barafu na samaki wa mlinzi. Meneja akatazama ukutani, akamtazama Subira, akasema, "Basi kuna mtu anawauza njiani."

Na mtu anayewaleta kamba kutoka Salale ni mmoja tu, nahodha wa boti, Mzee Kibwana, na Mzee Kibwana ni mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyenibeba begani kunivusha tope nikienda kufanya mtihani wa darasa la saba.

Juzi aliitwa ofisini kupewa barua ya kujieleza. Akaingia ameshika kofia mkononi, meneja yupo, wenzangu wapo, na mimi badala ya kumwamkia nikasema, "Habari yako, mzee." Akanitazama kidogo tu, akajibu, "Nzuri, Bi Afisa," akasimama muda wote wa mazungumzo kwa sababu hakuna aliyempa kiti, na kiti kimoja kilikuwa pembeni yangu nimeweka mkoba.

Jumatatu wanakuja wageni kutoka makao makuu Dar, meneja ataifungua dashibodi mbele yao na mjomba atatakiwa aeleze kamba wamekwenda wapi, asipoeleza anafukuzwa na boti inauzwa siku hiyohiyo. Nimefikiria niiondoe Salale kwenye orodha ya filta isionekane kabisa, au niseme mtandao umekatika, au niugue. Nipe dawa, Bi Mwajabu, ila kama inawezekana isiwe ya kusema ukweli wote, nusu yake ningeimudu.

Ni mimi,
Binti wa Kibiti


Binti wa Kibiti (nakuita hivyo kwa kuwa umeomba, si kwa kuwa nimekubali),

Pokea pongezi zangu. Miaka yote nikijibu barua kwenye ukurasa huu nimekutana na waume waliowaficha wake, wake waliowaficha wapenzi na mchungaji mmoja aliyemficha mbuzi. Wewe ni wa kwanza kumficha mama yako kwa kutumia kompyuta. Chuo kilichokufundisha kinastahili barua ya shukrani, nitaiandika nikipata nafasi.

Usidhani unaongea na bibi wa mambo ya mapenzi tu asiyejua vitu vyenu. Gazeti hili nalo lina dashibodi. Mhariri wangu huifungua asubuhi kabla hajamsalimia mtu, anachagua ukurasa wangu, anachagua "wanaume", anazishangaa namba, kwa sababu wanaume wote hao ukiwauliza barazani watakwambia hawanisomi. Kuna siku aliniita akanieleza kwa upole wa msibani kwamba wasomaji wangu wameisha, hakubaki hata mmoja. Nikamwambia, baba, hebu tazama pembeni hapo umechagua nini. Alikuwa amechagua siku ya Idi, siku ambayo gazeti halikuchapwa. Mtu mzima yule, ana shahada ya pili.

Kwa hiyo namwelewa Bwana Abdulswamadu vizuri sana, nina wa kwangu. Mtu anayehukumu kijiji kizima akiwa na kikombe cha chai mkononi, kwa kubonyeza kitufe kimoja kati ya vitatu, huyo ningekuwa na maneno yake ya kutosha kujaza ukurasa. Lakini hakuniandikia yeye. Na ujinga wake una nafuu moja kubwa kuliko wako: ni ujinga halisi. Mtu wa nchi kavu hajui maji mafu ni nini, na hakuna aliyemwambia. Aliyekuwa na uwezo wa kumwambia alikuwa ameketi mbele yake, ananukia vizuri, anaitikia kwa kichwa.

Nisikilize sasa. Filta si pambo. Filta ni swali. Meneja akibonyeza anauliza, na wewe uliyeitengeneza ndiye unayeamua anaweza kuuliza nini na hawezi kuuliza nini. Ulimwekea swali la siku saba, ukalipeleka mahali ambapo hakuna mtu anayepanga kazi yake kwa siku saba. Mama yako hajawahi kuamka akasema leo ni Jumatatu ngoja nikapokee kamba. Anatazama mwezi, anatazama maji. Wewe hilo hukuwa na haja ya kulitafuta kwenye video, ulikuwa nalo. Ukaliacha Salale, ukamwiga kijana ambaye nina hakika hajawahi kusukuma boti kwenye tope hata ya kuchezea.

Halafu kosa la kwanza likiwa linatibika kwa sentensi mbili tu, ukaongeza la pili lisilo na jina zuri. Umetengeneza kitufe kinachodanganya. Kilipokuwa kibaya tu, watu wa Salale walionekana wavivu. Ulipokirekebisha kwa mapenzi yako, wamekuwa wezi. Ahsante sana kwa msaada, nadhani wanakusubiri wakushukuru. Ukiendelea kuwasaidia hivi, kufika mwezi wa Ramadhani watakuwa magaidi.

Na sasa unaniuliza kama uiondoe Salale kwenye orodha kabisa! Binti, hilo umeshalifanya. Ulilifanya siku ya kwanza ya kazi, ulipoulizwa unatoka wapi. Kilichobaki ni kompyuta tu ifuate mfano wako.

Nilipofika kwenye habari ya kiti niliiweka barua yako mezani nikaenda kunywa maji. Nimesoma mengi, lakini mtoto wa dada amemwambia mjomba wake "habari yako", mkoba umekaa na mjomba amesimama, hapo niliona nisikujibu kabisa, nikujibu wiki ya maji mafu. Kilichonirudisha ni yeye. Mzee anaitwa mwizi, ana barua ya kujieleza mkononi, na hata hapo hakukutia aibu. Angeweza kusema neno moja tu, "Zamda, hujambo?", ukaisha. (Ndiyo, jina lako nimelitaja. Jina halisi ni jingine, hili nimelichagua mimi, lakini nilitaka moyo ukuruke kidogo, uyaonje ya mjomba wako.) Akakuita Bi Afisa. Alikulinda wewe kwenye chumba ambacho wewe ulitakiwa umlinde yeye.

Haya, machozi futa, tuna kazi.

Ule uongo uliouficha kwenye filta ya Salale utoe leo, kabla hujamaliza kulisoma gazeti hili. Usiutunze kwa ajili ya kumbukumbu. Kisha ifanye dashibodi ijifungue kwenye msimu mzima, ili mvivu wa kubonyeza, na mabosi wengi ni wa aina hiyo, aanze na picha nzima kabla hajaanza kukatakata. Siku saba mwachie kama anazipenda, ila azitafute mwenyewe. Pembeni yake weka filta nyingine, bamvua na maji mafu, ili Salale ipimwe bamvua kwa bamvua, na sio ilinganishwe na barabara ya lami ambayo haijawahi kupwa wala kujaa. Juu ya ukurasa, kwa maandishi makubwa ambayo hata mtu aliyevua miwani atayaona, iandike yenyewe kila mara ulichochagua: unatazama Salale, kamba, maji mafu. Weka na kitufe kimoja cha kufuta yote uliyochagua na kurudi mwanzo, maana watu wanasahau walichobonyeza, muulize mhariri wangu. Na pale ambapo boti haikwenda, usiweke sifuri. Sifuri ni mtu aliyekwenda akakosa. Andika kwamba boti haikwenda. Halafu koma hapo. Usije ukashikwa na furaha ukaongeza filta ya rangi ya boti.

Hayo ya kompyuta yatakuchukua jioni moja, nawe ni mtaalamu, wamesema wenyewe. Haya yafuatayo ni magumu zaidi. Jumapili, baada ya alasiri, mfuate Bwana Abdulswamadu nyumbani kwake. Usimwandikie ujumbe wa simu, nakujua, utaandika nusu. Mwambie wewe ndiye uliyezibadilisha namba, hakuna kamba aliyeuzwa njiani, na kwamba barua ile ya kujieleza ilitakiwa iwe na jina lako. Mwambie na kwa nini. Atakasirika, na ana haki. Huenda akakufukuza kazi, sitakudanganya, umeshajidanganya vya kutosha wewe mwenyewe. Lakini ukifukuzwa kwa hilo utarudi Salale ukiwa na mama, na boti ikiwa ipo. Ukinyamaza, utabaki na kazi, na kila bamvua utakuwa unatengeneza nguzo za rangi za kijiji ambacho kamba wake wanaozea mlangoni kwa mama yako.

Kama hatakufukuza, na nina matumaini kidogo kwa sababu mtu aliyecheka mpaka akavua miwani hawezi kuwa mbaya kote, mwombe jambo moja. Jumatatu hiyohiyo baada ya kikao, yeye na wageni wake wa Dar wapande boti waende Salale. Kwa hesabu yako itakuwa bado maji mafu. Avae vilevile viatu vyake vya ofisini, wala msimwonye. Boti ikikwama kwenye kijito, na itakwama, msiseme lolote. Mpeni simu tu, afungue dashibodi, achague Salale, achague siku saba zilizopita, abonyeze kwa nguvu anavyotaka, tuone kama maji yatapanda. Akishachoka kubonyeza mjomba wako atamwonesha pa kukanyaga, maana yeye ni muungwana kuliko mimi na wewe.

Lakini kabla ya safari hiyo kuna kikao, na kikao ndicho chenyewe. Wageni wamekaa, meneja amesimama, projekta imeelekezwa ukutani, na mlango unafunguliwa, anaingia mzee na kofia yake mkononi, anatafuta kona ya kusimama. Wewe hapo usiguse kompyuta. Dashibodi yako hata iwe nzuri namna gani, ikitangulia kusema kabla yako itakuwa inakusemea, na imeshakusemea vya kutosha. Ondoa mkoba wako kwenye kiti. Inuka, kibebe kile kiti kwa mikono yako mpaka alipo, na uhakikishe amekaa. Kisha, kwa sauti ambayo meneja ataisikia, na wenzako waliocheka ule mzaha wa viatu wataisikia, na wageni wa Dar watageuka kutazama, sema, "Shikamoo, mjomba."

Msubiri akuitikie. Akishasema marahaba, washa projekta.